Wasifiwe Wangali Wanasikia

*Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, hazina uhaba wa watu wanaostahili sifa. Kinachokosekana ni mahali pa kuwasifu kabla hawajazikwa, na pa kuwauliza maswali wakiwa bado na mdomo wa kujibu.*

Mtu wa dhahabu aliyesimama katikati ya Goma hana jina. Mikononi ana chukudu, ile skuta ya mbao iliyozaliwa Kivu, na pikipiki zinamzunguka mchana kutwa zikipiga honi. Kila baada ya muda anapita mwenzake wa nyama na damu. Goti moja limekaa juu ya kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari kwenye ubao. Mguu wa pili unakanyaga lami na kusukuma. Nyuma, juu ya gurudumu, unaning'inia ulimi wa mpira: hiyo ndiyo breki. Mbele kuna magunia ya makaa, au viazi, au kabichi zilizobanwa na kamba hadi zimetoa maji.

Mara nyingi mzigo huo umetoka Masisi. Umeshuka vilima hadi Sake, kisha ukafuata barabara kilomita kama 25 mpaka mjini. Mwenye chukudu hainui macho kutazama sanamu. Ana mteja anayemsubiri.

Sanamu ile ni jambo la nadra katika upande huu wa Kongo: heshima aliyopewa mtu angali anatokwa jasho. Kalenda ya taifa inajua zaidi kuwaheshimu waliokwisha kufa. Tarehe 16 Januari ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Tarehe 17 ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961. Lumumba alitangazwa shujaa wa taifa mwaka 1966, na aliyemtangaza ni Mobutu, yuleyule aliyemsukuma nje ya madaraka Septemba 1960. Marehemu hakuulizwa kama anaipokea heshima hiyo kutoka mkono huo.

Ndiyo raha ya kumsifu maiti: habishi.

Hotuba za matanga

Ukitaka kujua nani alikuwa kiongozi Masisi au Walikale, nenda kwenye matanga. Turubai limetandazwa juu ya miti ya mkaratusi, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, mwenye kuongoza shughuli ana karatasi yenye mpangilio: familia, kanisa, majirani, mutualite (chama cha kusaidiana) ya kabila, wakubwa wa kijiji, mwisho shefu au mjumbe wake. Kila mmoja anapewa dakika zake, na kila mmoja anazipita.

Hapo ndipo mambo yanapotoka. Huyu ndiye aliyetoa shamba lake ijengwe shule ya msingi. Huyu aliwahi kulala njiani siku mbili akipeleka maneno ya amani kwenye kijiji ambacho jamaa zake hawakutaka hata kukisikia. Huyu mama alizalisha nusu ya vijana walioketi hapa, na siku za vita alifanya hivyo msituni, kwa mwanga wa tochi ya simu. Watu wanatazamana. Wapo majirani wa miaka 20 wanaosikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Hoja ya wanaotaka heshima itolewe mapema inaanzia hapo, na ni rahisi kuielewa. Marehemu hasikii. Mtoto wake anasikia, lakini anasikia akiwa analia. Kijana wa kijijini anayetafuta wa kumfuata anaonyeshwa jeneza.

Kuna pia hoja ya pili, nzito zaidi, isiyosemwa sana kwenye hotuba. Katika wilaya hizi mbili haijawahi kuwa kweli kwamba walio hai hawapewi heshima. Wanapewa, tena upesi. Swali ni akina nani.

Soko la Ntoto

Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, ukubwa unaoikaribia nchi nzima ya Rwanda. Masisi ni vilima vya malisho na ng'ombe, jibini la duara linalouzwa mpaka Kinshasa, na koltani ya Rubaya. Walikale ni msitu, sokwe, dhahabu, na bati la Bisie. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo, Wakano na wengine wamepangana humo kwa namna ambayo ramani yoyote ya kabila moja kwa kijiji kimoja inakuwa uongo.

Mpangilio huo una historia. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliendesha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Masisi, penye ardhi ya mwami (mtawala wa kimila) wa Wahunde. Swali la nani ana haki juu ya udongo, na nani ana haki ya kuitwa shefu juu yake, halijalala tangu hapo.

Tarehe 20 Machi 1993 lililipuka. Mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi kwa wiki na miezi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 6,000 na kwenda juu zaidi ya hapo.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo haisimuliwi mara nyingi. Kati ya Novemba 1993 na Februari 1994, mashefu wa kimila na watu wa asasi za kiraia walizunguka Masisi wakiitisha mikutano. Waliketi na watu waliokuwa wamezikana. Walizungumzia mashamba, ng'ombe walioibiwa, nani arudi wapi na kwa njia ipi. Utulivu ulirejea, masoko yakafunguliwa. Kisha Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, wakavuka mpaka wakiwa na jeshi na wanamgambo walioshindwa ndani yao, na kazi ya miezi minne ikasombwa na maji.

Muulize mtu wa umri wa kati majina ya waliopigana miaka hiyo, atakutajia. Muulize majina ya walioketi kwenye mikutano ya 1993. Atafikiri kidogo, atataja mmoja, labda wawili, na ataongeza: alikufa.

> Muulize majina ya waliopigana, atakutajia. Muulize majina ya walioketi kupatanisha, atafikiri kidogo.

Jaribio kama hilo lilifanywa tena mwaka 1998, Goma, kwa jina ambalo Mswahili yeyote analielewa: Barza Intercommunautaire. Ilikuwa baraza kwa maana halisi. Wawakilishi wa jamii 9 za Kivu Kaskazini waliketi pamoja na kusikiliza magomvi ya ardhi na ya makabila kabla hayajafika kwenye panga. Iliyumba kuelekea 2005, pale siasa za uchaguzi zilipoingia chumbani. Hakuna mzunguko wa barabara wenye jina lake.

Nyota mabegani

Sasa tazama upande wa pili.

Bosco Ntaganda alikulia Ngungu, Masisi. Mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata, na hati hiyo ikawekwa wazi mwaka 2008. Mwaka 2009, baada ya mkataba wa tarehe 23 Machi kati ya serikali na kundi lake la CNDP, aliingizwa kwenye jeshi la taifa kwa cheo cha jenerali. Kwa miaka mitatu alitembea Goma akiwa na nyota mabegani. Mwaka 2019 majaji wa The Hague walimtia hatiani na kumfunga miaka 30.

Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini Walikale kabla ya kuanzisha kundi la NDC. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kundi lake pamoja na washirika wake liliingia vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi ikiwa kati, na kuwabaka watu wasiopungua 387. Januari 2011 hati ya kumkamata ilitolewa. Novemba mwaka huohuo aligombea ubunge wa Walikale, akapiga kampeni hadharani kama mgombea mwingine yeyote. Alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Kwa hiyo si kweli kwamba nchi hii hungoja mtu afe ndipo impe cheo. Mwenye bunduki hupewa akiwa hai, tena huitwa mezani.

Mfano wa meza yenyewe upo. Kuanzia tarehe 6 hadi 23 Januari 2008, Goma ilipokea mkutano mkubwa wa amani, usalama na maendeleo ya Kivu mbili. Zaidi ya wajumbe 1,000 walifika. Mwishoni, makundi 22 yenye silaha yalitia saini hati za ahadi. Ishirini na mawili! Baadhi hayakuwa yakijulikana sana kabla ya kusikika kwamba kuna mkutano, hoteli na posho. Somo lilieleweka vijijini haraka kuliko tangazo lolote la redio: mwenye watu wenye bunduki ana kiti, mwenye watu wenye majembe ana mwaliko wa kusikiliza.

> Mwenye watu wenye bunduki ana kiti. Mwenye watu wenye majembe ana mwaliko wa kusikiliza.

Ukiliweka hivyo, kumheshimu mwalimu au mkunga wa kijiji angali hai si suala la adabu tu. Ni ushindani. Kuna soko la majina makubwa, na upande mmoja umelishika peke yake kwa miaka 30.

Kiongozi ni nani hasa?

Sheria ina jibu lake. Kifungu cha 207 cha Katiba kinatambua mamlaka ya kimila, kinayapa wajibu wa kukuza umoja wa taifa, na kinamtaka shefu anayetaka cheo cha kuchaguliwa apite kwenye kura. Sheria nambari 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 ikaweka hadhi ya mashefu wa kimila, haki zao na mipaka yao.

Hata hivyo ngazi si moja. Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, ambako mwami hurithi, pamoja na sekta za Katoyi na Osso. Walikale haina usultani. Ina sekta mbili, Bakano na Wanianga, na kiti cha kimila kinaanzia chini, kwenye grupma, yaani kundi la vijiji. Mgeni anayefika na orodha ya "viongozi wa kuheshimiwa" bila kujua tofauti hiyo anaweza kumpa diploma mtu ambaye wenyeji wanamhesabu kuwa karani wa serikali, na kumruka yule ambaye kila mtu humwamkia kwa kushika kofia mkononi.

Halafu kuna viongozi ambao hakuna sheria iliyowaandika. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya aliyebaki na funguo za stoo ya dawa wakati wenzake wote wamekimbia. Mama wa kanisa anayejua ni nyumba ipi ina msichana aliyerudi kutoka msituni, na hamwambii mtu. Na rais wa kambi.

Huyu wa mwisho anastahili kutazamwa kwa karibu. Kwenye kambi za wakimbizi wa ndani zilizoizunguka Goma, Bulengo, Lushagala, Rusayo, maelfu ya familia za Masisi ziliishi chini ya maturubai juu ya mawe ya volkano. Kila kambi ilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na rais. Mali yake kubwa ilikuwa daftari: jina la mkuu wa kaya, kijiji alikotoka, idadi ya watoto, namba ya bloku. Mashirika yakija na unga, yanaanzia kwenye daftari hilo. Mtoto akipotea, daftari. Ndoo ya maji ikigombaniwa, rais. Hakuwa na mshahara, hakuwa na polisi, na kila siku ya mgao alikuwa na maadui wapya.

Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, watu wakaamriwa warudi walikotoka. Marais wale walirudi pamoja nao. Vyeo vyao viliisha siku maturubai yalipokunjwa, na madaftari, yale yaliyookoka mvua, yamo kwenye mifuko ya plastiki mahali fulani kati ya Sake na Kitchanga.

Mgema na tembo lake

Wapo wanaopinga, na si watu wabaya.

Kwanza wanasema kile ambacho kila Mswahili anakijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtu ambaye hajamaliza safari hajulikani atafia wapi. Mwami aliyewakaribisha waliokimbia mwaka huu anaweza mwaka kesho kuuza msitu wa kijiji kwa kampuni ya mbao. Mpatanishi wa leo anaweza kuonekana kesho kwenye bango la chama.

Mifano ya dunia inawasaidia. Mwaka 2009 Amnesty International ilimpa Aung San Suu Kyi wa Myanmar tuzo yake kubwa, Balozi wa Dhamiri. Novemba 2018 ililazimika kumnyang'anya, baada ya yeye kunyamazia mateso ya Warohingya. Na Mo Ibrahim, tajiri aliyeanzisha zawadi ya uongozi bora kwa marais wa Afrika, aliweka sharti kwamba mtu awe ameshatoka madarakani. Miaka mingi kamati yake imetazama bara zima na kurudi mikono mitupu. Haikumpa mtu.

Pili, wanasema, angalieni nani anatoa hizo heshima. Katika miji ya Kivu kuna sherehe za vyeti ambazo mwenye kuheshimiwa ndiye aliyelipia ukumbi. Vyama vya vijana huanzishwa miezi michache kabla ya uchaguzi, vinatoa "diploma ya sifa" kwa mbunge, mbunge anatoa fulana. Mutualite za kabila humheshimu mtoto wa nyumbani hata kama jirani wa kabila lingine anamkumbuka kwa jambo tofauti kabisa. Katika nchi ya Ntoto, sherehe ya kumsifu kiongozi wa upande mmoja inaweza kusikika upande wa pili kama ngoma ya vita.

Tatu, na hili haliwezi kupuuzwa: kutajwa ni hatari. Tarehe 4 Januari 2025 M23 iliingia mji wa Masisi. Tarehe 27 Goma ikaanguka. Machi wakafika mji wa Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mbele yao na nyuma yao kuna makundi ya Wazalendo yanayoshirikiana na serikali. Katika maeneo iliyoyashika, M23 imeweka watawala wake. Mtu anayepewa cheti na upande mmoja siku ya Jumatatu anaweza kuulizwa kuhusu cheti hicho na upande wa pili siku ya Alhamisi. Baadhi ya watu wenye sifa kubwa zaidi Masisi leo wangekuombea dua ukiahidi kutowaandika.

Kwa sababu hiyohiyo makala hii haina jina la muuguzi, mkunga wala rais wa kambi hata mmoja.

Tuzo zinazotoka mbali

Lakini hoja hizo tatu zina shimo katikati. Heshima kwa watu wa Kivu walio hai zipo, ni nyingi, na zimefanya kazi. Tatizo ni kwamba karibu zote hutoka ng'ambo.

Mwaka 2008 serikali ya Uholanzi ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya haki za binadamu, Tulip, na aliyeipokea alikuwa Justine Masika Bihamba wa Goma. Muungano wa wanawake alioushiriki kuuanzisha, Synergie des Femmes, umewafuata waathirika wa ubakaji vijijini. Mwaka uliofuata akapata tuzo ya amani ya Pax Christi International. Mwaka 2016 Amnesty iliipa ile tuzo ya Balozi wa Dhamiri harakati ya vijana ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, pamoja na vijana wenzao wa Senegali na Burkina Faso. LUCHA haina rais. Walipewa heshima bila kumtafuta mkubwa wa kumvisha, jambo ambalo wazee wengi wa itifaki hadi leo hawajalielewa.

Novemba 2011 Lyn Lusi, Mwingereza aliyeishi Kongo miongo kadhaa na kuanzisha hospitali ya HEAL Africa pamoja na mumewe daktari, alipokea Opus Prize ya dola milioni 1. Hospitali hiyo ya Goma ni mahali ambapo wanawake wengi wa Masisi na Walikale walishonwa fistula na kurudishiwa uhai. Machi 2012 Lyn Lusi akafariki kwa saratani. Miezi minne. Tuzo ilimkuta akiwa bado anaweza kusema fedha ziende wapi.

Luc Nkulula wa LUCHA yeye alikufa Juni 2018, nyumba yake ilipoungua usiku, Goma. Alikuwa kijana bado. Waliompigia makofi kwenye mazishi ni pamoja na watu waliokuwa wakimvumilia tu alipokuwa hai.

Majina haya yote yana kitu kimoja kinachosumbua. Ili mtu wa Masisi ajue kwamba jirani yake ni mtu mkubwa, habari lazima kwanza iende The Hague, London au Los Angeles, ivae koti, ndipo irudi kwenye redio ya Goma. Na tuzo ya mbali hutolewa na watu ambao hawana njia ya kujua kama mshindi alilipa deni la mbuzi. Majirani wanajua.

> Tuzo ya mbali hutolewa na watu wasiojua kama mshindi alilipa deni la mbuzi. Majirani wanajua.

Viti vya Tubondo

Wanyanga wa Walikale wana maneno ya zamani kuhusu jambo hili, nayo yamekwisha kuandikwa.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtaalamu wa Kibelgiji Daniel Biebuyck alimkuta mzee aitwaye Candi Rureke. Alikuwa shekarisi, bwana wa karisi, yaani mwenye kuimba na kucheza hadithi ndefu ya shujaa Mwindo. Rureke alisimulia kwa siku 12. Aliimba, akaigiza, akacheza, vijana wakimpigia fimbo juu ya mti mkavu, na katikati ya wimbo akawahimiza waandishi waendelee wasichoke.

Hadithi yenyewe inahusu chifu mbaya. Shemwindo, bwana wa Tubondo, aliamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwana wa kiume akazaliwa, akizungumza na kutembea papo hapo. Baba akamrushia mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo hakufa. Alimfikia shangazi yake Iyangura, akarudi na jeshi, na baba akatorokea chini ya ardhi. Mwana akamfuata hadi huko, akamrudisha.

Hapa mtu angetegemea kisasi. Kinachotokea ni mkutano. Watu wote wanaitwa Tubondo, viti vitatu vinawekwa, cha baba, cha mwana, cha shangazi. Shemwindo anasimama mbele ya watu na kusema kwa kinywa chake mwenyewe mabaya aliyoyatenda. Shangazi anasema lake. Ndipo baba, angali hai, anamkabidhi mwanawe utawala.

Na shujaa naye hapewi cheti cha maisha. Baadaye Mwindo anajivuna, anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anamchukua juu kwa mwaka mzima, ambako mvua, mwezi, jua na nyota wanamsema kwa zamu mpaka kiburi kinamtoka. Anarudi na maagizo kwa watu wake, likiwamo la kumpokea kila mtoto anayezaliwa, wa kike au wa kiume.

Wanaopinga heshima kwa walio hai wanahofia tembo kutiwa maji. Wanyanga walilijua hilo, wakaweka kiti na lawama kwenye mkutano mmoja. Kiti cha Tubondo hutolewa mbele ya watu wanaoweza kusimama na kusema: na lile shamba je? Maiti hawezi kulijibu swali hilo. Mshindi wa tuzo ya ng'ambo haulizwi. Jenerali hathubutu mtu kumwuliza.

Baraza kama hilo haligharimu sana. Linahitaji uwanja, wazee wa kabila zaidi ya moja, kasiksi (pombe ya ndizi) ya kutosha na mwenye kuandika. Linahitaji pia siku ambayo hakuna risasi, na kwa Masisi hilo ndilo ghali. Mahali pengine Walikale pameonyesha kwamba jina la mtu hai linaweza kuwekwa kwenye kazi badala ya ukutani: huko Kisimba na Ikobo, wenyeji na mashefu wao walitenga msitu wa sokwe, serikali ikautambua kama hifadhi mwaka 2006, na amri ya 2 Agosti 2014 ikaruhusu jamii kupewa haki ya kusimamia hadi hekta 50,000 za msitu wa kimila. Shefu wa namna hiyo anahesabiwa kwa miti iliyosimama. Ukitaka kumsifu, nenda ukahesabu.

Hadithi ya Rureke ilichapishwa mwaka 1969 na chuo kikuu cha California, miaka 13 baada ya zile siku 12 za Bese. Waliotajwa kuwa wahariri na watafsiri ni wawili, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga. Jina la Rureke liko ndani, kwenye kurasa za utangulizi. Lakini desturi ya karisi haikumwacha mikono mitupu. Msimulizi alilishwa na kunyweshwa, na wasikilizaji walioguswa na sehemu fulani ya hadithi waliinuka palepale, wakamsogelea akiwa bado anaimba, wakamtia mkononi shanga, bangili au sarafu, kisha wakarudi kukaa.